Mkono Anaoujua Mama

5 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha leo alasiri, na Mama amechagua saa hiyo hiyo kuniambia jambo lake. Nilikuwa dirishani natazama vumbi la barabara yetu ya mtaa wa Asiatique likigeuka tope, na watu wakikimbilia kwenye baraza la duka letu bila hata kuuliza. Akaniita nikae. Mama akisema "kaa", huwa ni jambo la kukaa kweli.

Alisema daktari hakumficha, moyo wake umechoka na hautapata nguvu tena. Hakulia, wala hakutaka nilie. Alichotaka ni kimoja tu: siku yake ikifika, nimwoshe mimi.

"Mi niko mutu wa haya, Kaltum," akasema. "Sitaki mukono yenye sijui."

Nikajibu sawa, upesi, kama mtu aliyeulizwa kama ataweka sukari. Kisha nikaenda chumbani nikajifungia. Maana mji mzima unajua kilichonipata mwezi uliopita kwa marehemu shangazi Zuhura. Niliingia kuosha pamoja na wanawake wengine, nikaona kidole cha mguu kimejitokeza nje ya shuka, nikaanguka kama gunia. Ikabidi wamwache maiti waniburute mimi. Majid, kaka yangu, mpaka leo anawaambia wateja kwamba siku ile nusura yachimbwe makaburi mawili.

Na sisi ndio tunaouza sanda. Tangu babu alipokuja kutoka Oman duka hili halijawahi kukosa bafta nyeupe, na mimi nakata sanda tangu niko msichana, vipande vitatu kwa mwanamume, vitano kwa mwanamke, bila mkono kutikisika. Kitambaa nakijua. Anayeingia ndani ya kitambaa ndiye simwezi.

Nina miaka arobaini na tisa na sijawahi kuandika shajara. Naandika kwenye ajenda, daftari la tarehe niliyopewa bure na tajiri wa vitenge, kwa sababu sina wa kumwambia kwamba nimekubali jambo nisiloliweza.

6 Oktoba

Mvua. Nimekata sanda moja, ya mwanamume.

9 Oktoba

Nimekwenda Cibitoke kumtafuta Mama Kudra, mwanamke anayeosha maiti wa kike wa mitaa ile. Yeye ndiye aliyenivuta miguu kwa shangazi Zuhura. Esansi, yaani petroli, imekosekana tena, foleni ya magari kituoni imezunguka kona mbili, kwa hiyo nimetembea. Nilitarajia kumkuta mama mpole na tasbihi yake. Nimemkuta kakaa juu ya gunia la makaa anayouza, anagombana na mteja, uso mweusi hadi kwenye kope.

Akanitazama, akanikumbuka, akacheka mpaka akashika kiuno. Nilipomweleza nilichotaka aliacha kucheka. Akauliza ni nani anayemwogesha Mama siku hizi, kwani alikwisha kusikia kwamba hawezi tena kuingia bafuni peke yake. Nikasema ni Odette, anayetusaidia kazi za nyumbani, yuko nasi miaka mingi.

"Na we, unamuoshaka siku gani?"

Nikasema sijawahi.

"Alors, mama yako akiwa muzima hujamugusa, unataka kumuanza akikufa," akasema, akageukia makaa yake. "Rudi kwanza nyumbani. Anza na huyo muzima. Mi nitakuita."

Nimerudi nimekasirika. Nimetembea njia yote ile kwenda kufundishwa, nikafukuzwa kama mtoto aliyekuja shule bila kuoga.

10 Oktoba

Nimemwogesha Mama. Vibaya sana.

Kwanza ilibidi nimwambie Odette. Alikuwa ameshika ndoo ya maji ya moto, akaiweka chini taratibu, akaniuliza, "Dada, nimekosa nini?" Macho yakamjaa machozi. Nikamweleza yote. Odette ni Mkatoliki, anajua kwamba siku ile ikifika yeye hataruhusiwa kuingia, na nilimwona akilifikiria hilo pale pale mbele yangu. Halafu akainua ndoo na kunionyesha Mama anapenda maji ya namna gani: ya moto kidogo mgongoni, vuguvugu kichwani.

Mle ndani nilitazama ukuta. Nilimwaga maji macho yangu yakiwa kwenye vigae, sabuni ikamwingia machoni. Mama akasema kwa upole kwamba yeye yuko upande huu, pale ukutani hakuna mtu.

11 Oktoba

Sabuni machoni tena.

17 Oktoba

Leo nimetazama.

Mama yangu ana kovu tumboni nililokuwa silijui. Amesema ndipo nilipotolewa mimi, maana nilikataa kupita njia ya kila mtu, mkaidi tangu saa ya kwanza. Tena nyayo zake zinatekenyeka. Ukizigusa mguu unaruka, naye anacheka kwa sauti nyembamba ya msichana. Nimeishi naye karibu miaka hamsini, na hilo Odette alilijua kabla yangu. Nimeona wivu, nasema kweli.

Sasa nina utaratibu. Naanza upande wa kulia. Namwambia, "Inua mkono, Mama," naye anainua. Nikimaliza, wa kushoto. Tunazungumza kutwa, habari za duka, za majirani, za bei ya sukari. Naandika haya kwa sababu yuko hai na nimemwomba ruhusa. Amesema niandike, ila habari za mapaja niache.

Odette amepanga mapipa na mabeseni chini ya ukingo wa paa, anakinga mvua. Kelele yake haivumiliki, na mbu watazaliana humo. Nimemwambia ayaondoe.

20 Oktoba

Mapipa bado yapo.

24 Oktoba

Mama Kudra ameita. Aliyefariki ni mwanamke wa mtaa wa Mutakura, mke wa fundi wa magari. Nilipiga moyo konde, nikavaa gauni la zamani, nikapanda nyuma ya baiskeli ya kukodi huku mvua ikininyeshea, nimeshika kifuko cha kafuri mapajani kana kwamba napeleka zawadi.

Mama Kudra alikuwa uani, anasugua mikono kwa limau kutoa makaa, kucha moja moja, bila haraka. Akanipa ndoo. Kazi yangu ilikuwa kuichukua kutoka uani mpaka ndani. Nilifika mlangoni. Nikaona miguu ya kitanda cha kuoshea, nikaweka ndoo chini, nikatapika kwenye mfereji mbele ya jamaa wote wa marehemu.

Nilingoja anitukane. Baada ya kazi akaja, akanawa, akanipa maji ninywe.

"Kwa shangazi yako ulianguka. Leo umesimama mupaka kwa mulango," akasema. "Siku ingine utaingia."

25 Oktoba

Lamya amejua ninakokwenda. Lamya ni wifi yangu, mke wa Majid, mtu wa ofisini ambaye viatu vyake havijui tope. Ameniambia mbele ya Mama kwamba ninaita kifo ndani ya nyumba, kwamba mgonjwa hupewa moyo, hapewi mazoezi ya mazishi. Mama alikuwa anakula papai lake, akaendelea kula. Mimi nilimjibu Lamya maneno mabaya kidogo. Tangu aolewe sijawahi kumwona akilia juu ya chochote, na nimemwambia hivyo.

28 Oktoba

Mvua. Mama hajala.

29 Oktoba

Amekula ndagala, dagaa wa ziwa letu, na ugali. Lamya ndiye aliyepika. Sikumshukuru.

3 Novemba

Nimeingia. Naandika kwanza hilo ili nisilisahau, maana yaliyofuata ni ya aibu.

Ilikuwa Cibitoke, bibi mmoja mzee. Nilisimama kwenye kona nimeshika birika la maji, natazama mikono ya Mama Kudra tu, kama alivyoniagiza. Ile mikono ya kupimia makaa ilikuwa inakwenda chini ya shuka polepole mno, hata nikahisi pumzi yangu imetulia. Nikajisemea, kumbe ni hivi tu. Ndipo walipomgeuza, na likatokea jambo ambalo baadaye Mama Kudra alisema ni la kawaida kabisa. Sitaliandika, kwa kuwa sharti la kwanza la kazi hii ni kuficha ulichokiona. Niliangusha birika, nikatoka mbio, na sikusimama mpaka barabara ya lami. Nimeacha viatu vyangu kwa watu wa msiba.

5 Novemba

Mama Kudra amepiga simu. Sikupokea.

6 Novemba

Amepiga tena.

7 Novemba

Mvua kutwa. Ziwa limepanda, wanasema huko chini watu wamehama nyumba zao. Dukani hakuingia hata mtu mmoja.

9 Novemba

Nimemwambia Mama sitaweza. Nilimwambia nikiwa namkausha mgongo, ili nisimwone uso. Nilisema nitamtafuta mtu mzuri, mcha Mungu, mwenye mikono laini. Mama akaomba chai. Hakunilaumu, na ningependa angenilaumu. Nilitoka nikajifungia stoo katikati ya majora ya bafta, nikalia kwa hasira, maana mama yangu aliniomba kitu kimoja tu maishani mwake na mimi nikamrudishia.

10 Novemba

Odette amemwogesha. Nilisikia kicheko cha nyayo kupitia ukuta.

14 Novemba

Sijui nianzie wapi leo.

Asubuhi Mama ameamka ana nguvu na ana hila machoni. Ameagiza meza ya sebuleni iondolewe, mkeka utandikwe. Halafu akaniambia niende dukani nikate bafta, ile nzuri, si ile ya bei rahisi.

"Ya nini, Mama?"

"Leo mi nimekufa," akasema. "Njo unioshe."

Nikakataa. Akalala chini hivyo hivyo na nguo zake, akafumba macho, akasema atakaa pale mpaka Isha. Ndiyo maana naitwa mkaidi, nimejua nilikourithi. Nikaleta bafta, nikamfunika. Birika likawa tupu, maji ya kujifanya tu. Odette alikaa mlangoni amejiziba mdomo kwa kitambaa.

Nikaanza, mikono baridi. Baada ya kitambo Mama akauliza kama amekufa vizuri. Nikamwambia maiti hasemi. Akanyamaza. Nikapeleka mkono chini ya shuka nichukue mkono wake wa kulia, nikakuta umekwisha inuka wenyewe, unaningoja.

"Mama, maiti hasaidii."

"Mi nitasaidia tu," akasema macho yamefumba. "Mutoto wangu anateseka, mi nilale bure?"

Tukacheka mpaka nikakaa chini. Tukarudia. Mara ya pili alijitahidi kulegea, na nikaujua uzito wa mkono ulioachwa, jinsi unavyoshikwa chini ya kiwiko usije ukaanguka. Nikamgeuza upande, nikampitishia kitambaa mgongoni, nikamfungua nywele nikazisuka mikia mitatu kama anavyosukwa maiti wa kike. Mikono yangu ilikuwa imepata joto. Kwa mara ya kwanza sikuwa nafikiria maiti. Nilikuwa nafikiria mama yangu asipate baridi.

Ndipo mlango wa mbele ukafunguka, Lamya akaingia na bakuli la supu.

Alichokiona ni mkeka katikati ya chumba, shuka nyeupe, mimi nimepiga magoti na birika, na Odette machozi yanamtoka, ya kicheko, lakini yeye angejuaje. Bakuli likaanguka. Hakupiga kelele. Alikwenda chini kidogo kidogo akiushika ukuta, akatambaa juu ya ile supu na viatu vyake vya ofisini, akaikumbatia miguu ya Mama na kuweka uso wake pale. Vidole vyake vikagusa nyayo. Mguu ukaruka, Mama akacheka.

Sitaki tena maishani mwangu kuona uso kama ule wa Lamya. Alitaka kutupiga, akaishia kulia, na alipoanza hakuweza kuacha. Mama akakaa na bafta yake mabegani, akamvutia kifuani. Ndipo Lamya akatuambia jambo ambalo hata Majid sidhani anaujua undani wake. Mama yake mzazi alifia Maskati mwaka ule wa korona, ndege zimefungwa. Alichoonyeshwa ni kitu cheupe kilichokwisha fungwa, kwenye simu, na mtandao ukakatika. Mpaka leo hajui ni mikono ya nani iliyomwosha, kama ilikuwa na upole au ilikuwa na haraka.

"Ndio maana siwezi kuona hii mambo yenu," akasema. "Mi nawaonea wivu."

Na mimi nilimwambia kwamba halii. Nimemwomba radhi hapo hapo, mbele ya Odette na supu yote ile sakafuni. Mama akamwagiza ashike upande mmoja wa shuka, tukarudia mara ya tatu, wote wanne. Mama akainua mkono tena.

15 Novemba

Nimempigia simu Mama Kudra. Amesema viatu vyangu anavyo, vinambana.

22 Novemba

Ijumaa. Mutakura tena. Nimeosha mkono wa kulia na mguu wa kulia wa mwanamke ambaye jina lake sitaliandika. Sikuanguka, sikutapika, sikukimbia. Nimetumia kafuri niliyoipima mwenyewe.

Lakini kosa lilinitoka, na ni kosa la mtu aliyejifunzia kwa mtu hai. Nilipofika kwenye mkono nikasema kwa sauti, kama ninavyosema kila asubuhi, "Inua mkono, Mama." Binti wa marehemu aliyekuwa anatuletea maji akapiga yowe. Mama Kudra alinitazama kwa jicho ambalo sijawahi kutazamwa nalo tangu madrasa.

Nje, akikamua kitambaa, akanikaripia.

"Hapa hatusemeshi maiti. Ukimusemesha utangoja ajibu. Asipojibu, utaanguka tena, na mi nimechoka kukuburuta. Apana. Kazi hii ni ya kunyamaza."

Nimeahidi. Ni mkali, na zamani ningesema hana moyo. Leo niliona jinsi alivyomrudishia yule marehemu shuka begani ilipoteleza, ingawa pale hapakuwa na mtu wa kusikia baridi.

30 Novemba

Nimeitwa Cibitoke. Nimenyamaza. Nimemaliza.

4 Desemba

Mama anapumua kwa taabu akipanda ngazi mbili za bafuni. Sasa namwogeshea kitandani, mimi na Odette, mmoja kila upande. Odette anamwimbia nyimbo zake za Kirundi na Mama anaitikia Amina mahali pasipostahili.

8 Desemba

Maji ya bomba yamekatika mtaa mzima.

10 Desemba

Yamerudi saa moja, yakakatika.

12 Desemba

Mama amenishika mkono nikiwa namkausha, akaugeuza, akautazama kiganjani muda mrefu kama mtu anayechagua kitambaa. Akasema sasa anaujua. Nampenda sana mama yangu, na nimechelewa kumwambia kwa sababu katika nyumba yetu watu hawasemi hivyo, wanaletewa chai. Nimemletea chai.

15 Desemba

Mvua. Hakuomba kitu.

19 Desemba

Mama amefariki juzi, asubuhi, baada ya chai. Majid alikuwa anamsomea Yasini, mimi nimemshika, Lamya miguuni. Alivuta pumzi kama mtu anayetaka kusema neno dogo, akaliacha. Innalillahi. Jana sikuweza kuandika. Leo watu wamepungua, nimekaa stoo.

Majid alitaka wamzike kabla ya Alasiri, na bombani hapakuwa na hata tone. Wanaume wakaanza kupiga simu huku na kule kutafuta gari la maji, na gari lenye esansi la kulileta. Odette akamshika Majid mkono wa kanzu, jambo ambalo hajawahi kufanya, akamwonyesha uani. Mapipa yote yamejaa mpaka ukingoni, yamefunikwa vizuri kwa mifuniko na matofali juu. Kumbe maji hayo hakuyakinga kwa ajili ya kufulia. Alikwisha kujua kwamba mlango ule hatauvuka, akajitafutia kazi ya upande wa nje. Akawasha moto, akapasha, akawa anajaribu joto kwa kiwiko chake ndoo baada ya ndoo na kutupitishia mlangoni: ya moto kidogo ya mgongoni, vuguvugu ya kichwani. Hakuna aliyemwambia kwamba sasa haina tofauti.

Mama Kudra alifika kwa miguu kutoka Cibitoke, ameroa. Akaomba limau. Alisugua mikono yake mpaka ikawa myeupe kuliko nilivyowahi kuiona, kisha akaniambia kwamba yeye leo ni wa kushika birika, mimi ndiye mwenye kazi. Lamya alishika shuka upande wa pili. Alikuwa amevua viatu.

Tangu alipokata pumzi nilikuwa nawaza kwamba kitakachonishinda ni nyayo. Nilijiandaa kwa nyayo. Nilisema bismillahi, nikatia nia, nikazungusha kitambaa mkononi. Nilimfunika vizuri zaidi ya nilivyofundishwa. Niliyoyaona sitayaandika, hata yale ambayo nilikwisha yaandika huko nyuma alipokuwa hai. Ilikuwa asubuhi kama asubuhi nyingine, maji ya Odette yana joto lile lile, na mvua ilikuwa imeanza tena juu ya bati. Nadhani ndicho kilichonipoteza. Nilifika upande wa kulia na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Inua mkono, Mama."

Nikangoja.

Ilikuwa kama alivyosema Mama Kudra, nilingoja kweli. Nilinyoosha kiganja changu hewani, mahali pale ambapo kila siku mkono wake huja kunikuta, na kiganja kikabaki hapo. Niliiona shuka ikitikisika upande wa Lamya. Nilisikia masikio yakianza kuvuma, yale mavumo ya nyumbani kwa shangazi Zuhura. Nikajua kwamba sekunde inayokuja nitakuwa chini, na Mama ataoshwa na mkono asioujua.

Mama Kudra akaweka birika chini. Hakunitazama kwa jicho lile, wala hakuniambia ninyamaze. Alipeleka mikono yake yote miwili chini ya shuka, akaushika mkono wa Mama chini ya kiwiko, akauinua polepole, kwa namna ile ile mzee anavyojivuta, mpaka ukatua kwenye kiganja changu.

"Ameshainua," akasema. "Endelea, mwanangu."

Nikaendelea.